Mwanangu, hilo koti unalitakia nini?

Tabora, Jumapili jioni

Mwanangu Shija,

Sisi hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka tangu abadilishiwe dawa, ila chumvi bado anaila kwa wizi akidhani simwoni. Mvua ilinyesha siku mbili ikakata. Habari zako nazipata kwake, maana mimi hunipigii. Unampigia yeye, unazungumza nusu saa, halafu mwishoni ndiyo "msalimie baba". Salamu zimefika.

Ameniambia mawili. La kwanza, kundi lenu litaigiza Rosa Mistika, ile riwaya ya Kezilahabi, jukwaani na wewe umepewa Zakaria, yule baba mlevi wa Rosa. La pili, umeomba utumiwe koti langu la reli.

La kwanza nimelifurahia. Kinyozi wangu anajua, wazee wa bao wanajua, na mmoja wao aliponiuliza kama ni vile vichekesho vya kwenye simu nilimjibu kwa ukali kidogo. Ulipoacha uhasibu mwaka wa pili nilisema maneno, na siyafuti yote, kwa sababu ada ile ilikuwa ng'ombe wanne. Lakini Zakaria hapewi mtu hivi hivi. Wangekupa Charles, yule kijana anayempenda Rosa, ningejua wameangalia sura.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Koti la nini?

Dar es Salaam nzima imekosa koti? Karume pale mitumba imejaa, ya Wazungu warefu na wafupi. Zakaria ni mtu wa Ukerewe, hajafanya kazi ya reli hata siku moja. Sikumbuki ukurasa ambao Kezilahabi amemvisha koti la buluu lenye vifungo vya shaba. Sasa nani atakayelivaa hilo koti pale jukwaani, Zakaria au nani?

Kitabu hicho nilikisoma mwaka 1979 nikiwa Malagarasi, ofisi ya mizigo, kwa kandili, kimefungwa gazeti jalada lisionekane. Kilikuwa kimetoka mwaka 1971 na mashuleni kikapigwa marufuku, basi sisi watu wazima ndiyo tukakiona kitamu. Wenzangu walikuwa wakiazimana ili wasome mambo ya Rosa na wanaume. Mimi nikakwama kwa Zakaria. Pale anapompiga Rosa kwa sababu ya barua ya Charles nilikifunga, nikatoka kunywa maji mtungini, nikarudi, nikakikuta palepale na Zakaria yuleyule. Nilikuwa sijaoa. Nikajiapiza: mimi nikizaa binti.

Nilikianza tena mwaka ule wa mambo ya dada yako Doto. Sikukimaliza. Yale ya Doto unayajua, ulikuwa umesimama mlangoni na sare zako za shule, sina haja ya kuyarudia.

Wiki nzima nimekuwa nikiwawaza hawa watu wabaya wa kwenye hadithi. Sisi utotoni tulikuwa na steringi na adui, basi. Steringi hafi, adui ana masharubu na anacheka peke yake. Tukitoka sinema tunagombana nani alirusha teke la mwisho. Sasa niulize leo jina la adui hata mmoja kati ya wale. Hawa waliokuwa wakicheka sana wamenitoka wote. Waliobaki kichwani ni wengine kabisa, na wengi wao wana ndugu, wana watoto, wana baba.

Chukua Hasidi na Mwivu, wale kaka zake Adili katika kitabu cha Shaaban Robert. Majina tu yamekwishamaliza kazi: ukisikia Hasidi anakuja unajua atafanya nini, na kweli wakamtosa ndugu yao baharini. Kwa hapo Shaaban Robert hakunitisha. Kilichonikaa ni kile kinachofuata, wakishageuzwa manyani, Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Anawafungulia, anawachapa, halafu analia, halafu anawalisha. Mwalimu wetu alituuliza darasani nani mbaya katika hadithi hii, tukajibu kwa pamoja, Hasidi na Mwivu. Ni sahihi, tulipata vema. Lakini nikifumba macho simwoni Hasidi. Ninamwona mwenye kiboko, na machozi yake, na yale mabakuli ya chakula.

Halafu yuko Shylock, yule mkopesha fedha katika mchezo wa Shakespeare. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo ule mwaka 1969 hakuuita bepari, aliuita Mabepari wa Venisi, wengi, ili usidhani mbaya ni mmoja anayenoa kisu mahakamani. Watu wote humkumbuka kwa ile ratili ya nyama ya mwili aliyomdai mdeni wake. Mimi humkumbuka kwa pete. Binti yake Jessica ametoroka na kijana, amebeba vito vya baba, na rafiki yake Shylock anakuja kumwambia kwamba kuna mtu amemwonyesha pete ambayo binti aliitoa kununulia kima. Shylock anasema ile ilikuwa pete ya feruzi, alipewa na Lea kabla hajaoa, asingeitoa hata kwa nyika nzima ya kima. Maneno mawili matatu tu, halafu anarudi kwenye ukatili wake. Kabla ya pete alikuwa adui. Baada ya pete ni mtu aliyewahi kuwa kijana, na ubaya wake haukupungua hata chembe, ndiyo maana unauma. Mkurugenzi wenu, au mnamwitaje huyo anayewaelekeza, kama ana akili atawatafutia pete ya Zakaria iko wapi.

Lakini isiwe koti langu. Kitu cha nyumbani kikiingia mikononi mwa watu, watu hukitazama vingine.

Anayenitisha kuliko wote hata jina lake watu hawalitaji. Husema tu mwana wa Liongo. Liongo, yule shujaa wa hadithi za pwani, ameshindikana kwa mishale, kwa minyororo, kwa gereza. Mfalme akamtuma huyo mwana wa Liongo, akamwahidi binti yake amwoe. Kijana akaenda kwa baba akamuuliza: baba, kitu gani kinaweza kukuua? Baba akajibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Wako wasimulizi wanaosema alishtukia kwamba kijana ametumwa, na akajibu vilevile. Sindano haiko kwenye moyo wa hadithi hii, Shija. Kuna kule kungoja. Kijana amekaa gizani anasikiliza baba anavyokoroma, maana Liongo akilala kweli alikuwa akikoroma kwa nguvu, na wa kuijua mikoromo ya mtu ni mwanawe. Baada ya kuchomwa, Liongo alichukua uta wake akaenda akapiga goti karibu na kisima, akavuta mshale, akafa hivyo hivyo, na watu wakakaa siku nyingi bila kuchota maji wakidhani anawalenga. Yule kijana aliyekuwa akingoja gizani ndiye ninayemwona mimi. Hakucheka, hakuwa na masharubu.

Na wewe mikoromo yangu unaijua. Sisemi zaidi.

Sasa nikwambie la kazi, kwa kuwa umeichagua na sitaki uifanye vibaya. Usimyumbishe Zakaria. Nimeona michezo ya walevi, mtu anapepesuka, anashika chupa, watazamaji wanacheka. Mlevi anayeingia nyumbani mwake, penye watoto, hayumbi. Anajitahidi kunyooka. Anakanyaga kama anapima ardhi. Anavua viatu nje ili asiamshe mtu, halafu anaipiga teke ndoo. Mlango anaufunga polepole kupita kiasi, anaushika kitasa mpaka kiingie chenyewe. Anaongea kwa adabu, na kila kitu anakisema mara mbili. Anauliza, watoto wamekula? Watoto wamekula? Akipiga kelele watu wanajua la kufanya, wanatoka nje. Ni ule upole ndio unaoigandisha nyumba. Mfanye mpole, Shija, mpaka watazamaji wamwombe apige kelele.

Hayo ukiulizwa umeyatoa wapi, sema umeyaona barabarani.

Na watoto wasikimbie kujificha, hiyo si kweli. Watoto hawakimbii. Wanazima redio. Mimi nilikuwa nikifika kwenye ule mwembe, naisikia inazimwa. Katikati ya wimbo, kila siku. Mlidhani sisikii.

Usimpe sababu nyingi pia. Siku hizi kila adui mnamtafutia utoto mgumu, baba yake alimpiga, babu yake alimpiga baba yake, mpaka mtu anatoka ukumbini hajui amlaumu nani. Baba yangu alinipiga, kweli, na wako niliosoma nao waliopigwa kuliko mimi ambao hawajawahi kuinua mkono nyumbani kwao. Zakaria alimpiga Rosa akiamini anamlea. Mwache aamini. Na binti alipotoka nje ya ua ule, shuleni, chuoni, hakuwa na mazoea ya kusema hapana wala ndiyo, maana nyumbani vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja. Hilo wewe huna haja ya kulisema kwa mdomo. Kezilahabi amelimaliza.

Doto alikuja wikiendi iliyopita na wanawe. Ananisalimia vizuri, ananikorogea chai kama ninavyopenda, tangawizi nyingi. Ni mtu mzima, ana duka lake Nzega, watu wanamwita mama fulani. Lakini nikiketi karibu yake anageuza simu yake kifudifudi. Sidhani hata anajua kwamba anafanya hivyo. Nilimwangalia mara tatu siku ile, mara zote tatu ikawa hivyo. Nilitaka kumwambia kitu, nikamwambia mbegu za alizeti zimepanda bei.

Ameuliza onyesho lenu ni lini. Nimemwambia sijui. Mwandikie wewe mwenyewe, umweleze ni kitabu gani na wewe ni nani ndani yake, asije akalikuta koti jukwaani bila kuambiwa. Hilo nakuomba, silitoi kama amri. Koti lile Tabora nzima inalijua, lakini kwa Doto si kulijua tu.

Kulwa hana neno, yeye anataka tu kujua kama mnalipwa.

Na mimi nataka kujua kama mnalipwa. Usinifiche. Kama hamlipwi mpaka baada ya onyesho, sema, kuna elfu arobaini ya mahindi mama yako haijui, nitaituma. Usiende kukopa kwa wale wa kwenye simu, wanapigia ndugu zako wote wakikudai. Mtoto wa jirani ametuaibisha mtaa mzima, hata katekista alipigiwa.

Bati la jikoni fundi alilipachika vibaya, linavuja palepale lilipokuwa likivuja, ila sasa linavuja kwa gharama. Mbuzi mweusi amezaa, mapacha tena, basi mama yako anasema anayefuata ataitwa Shija. Nimemwambia inatosha kuwa na mmoja asiyepiga simu.

Koti linakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi, chini ya kiti cha dereva, umlipe kondakta kitu kidogo. Nimemkatalia mama yako kulifua. Kifungo cha pili kutoka juu hakipo, tangu mwaka ule; usikishone, na wala usitafute kingine cha kufanana. Mkono wa kulia umepauka zaidi ya wa kushoto kwa sababu ya bendera, kule dirishani jua lilikuwa likipiga upande mmoja miaka yote, kama mtakuwa na taa kali itaonekana. Mfuko wa ndani una tundu, vitu huteremka mpaka kwenye pindo. Nimepapasa nikakuta shilingi ya zamani, ile ya mwenge, na kipande cha karatasi kilichofuliwa mpaka hakisomeki. Nimeviacha humo humo.

Mimi sitakuja. Magoti haya hayakai saa kumi na mbili kwenye basi. Labda treni. Tutaona.

Pamoja na koti kuna dumu la lita tano la asali na michembe ya mama yako kwenye kiroba. Dumu lisilazwe, kifuniko chake si chake. Asali nusu mpelekee shangazi yako Mbagala, na umpelekee kweli, si kama safari ile.

Mama yako anauliza kama ile hotpoti yenye kifuniko cha kijani bado unayo, ni ya watu.

Ni mimi,
Baba yako