Magofu ya mashambani yapimwe kabla greda halijapita

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie magofu ya udongo yaliyomo katika mashamba yanayozunguka Jiji la Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku, mashamba hayo yanazidi kukatwa viwanja. Greda likipita, tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, lililosimama miaka sitini linageuka tuta la udongo kwa muda mfupi tu, na hakuna aliyeandika hata upana wa mlango wake.

Siombi yahifadhiwe yote. Ukuta wa udongo ukishapoteza paa hauna siku nyingi, na mwenye shamba ana haki ya kulitumia. Naomba yapimwe, yachorwe na kupigwa picha kabla hayajaondolewa.

Mwaka juzi tuliifanya kazi hiyo sisi wenyewe. Kwenye shamba la marehemu babu kuna jengo la matofali mabichi lililokuwa na zizi, ghala na chumba kimoja cha kulala. Familia ilihamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Dodoma, kampeni ya Serikali ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini shamba halikuhama, kwa hiyo jengo likaendelea kutumika kwa mifugo na mavuno hadi paa lilipoporomoka. Mpwa wangu anasoma akiolojia chuo kikuu. Alikuja na futi kamba, karatasi za kuchorea na fimbo iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe ya kuonyesha vipimo kwenye picha. Mimi nilichukua jembe. Akanizuia: "Mjomba, tusifukue chochote kwanza. Tutazame."

Tulitazama siku mbili. Nimefundisha historia kwa muda mrefu, na sikuwahi kujua kwamba ukuta unaweza kusomwa namna ile. Nyumbani sote tuliambiwa babu alijenga jengo lote kwa mkupuo mmoja. Matofali yanasema vingine. Ya zizi ni marefu na mapana, ya chumba ni mafupi, maana yake kalibu za kufyatulia matofali zilikuwa mbili. Tena ukuta wa chumba haukufungamana na wa zizi, umeuegemea tu, na ukuta unaoegemea mwenzake ni mdogo wake. Ng'ombe walipata nyumba kwanza, watu baadaye. Nilipomsimulia shangazi, ambaye sasa ni mkongwe sana, alinyamaza kidogo, kisha akasema ni kweli, mama yake alikuwa akisema walilala kwa jirani mwaka mzima wakati babu anajenga zizi. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Ndani ya matofali yenyewe kuna makapi. Waliofyatua walichanganya udongo wa kichuguu na mabaki ya kupepetea nafaka ili tofali lisipasuke likikauka. Makapi yameoza, alama zake zimebaki. Mpwa wangu alinionyesha alama za uwele na za mtama, akaeleza kwamba wataalamu wakizichunguza kwa darubini hutambua nafaka iliyolimwa na hata magugu yaliyoota nayo. Hilo lilinigusa kuliko yote. Mavuno ya mwaka aliojenga babu yamo ukutani mwake, na hayajaandikwa mahali pengine popote duniani.

Tulichora pia namna linavyokufa. Mchwa walikula fito, paa la udongo likaelemea nguzo zenye panda na kuanguka. Masika yakaosha vichwa vya kuta, huku unyevu na chumvi ya ardhini vikila kuta kwa chini. Ukuta wa kaskazini umelika chini kiasi cha mkono kuingia hadi kiwiko. Huo ndio utakaofuata.

Najua nitajibiwa kwamba jengo la namna hii si la kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mpaka wa ukale katika karne ya 19, ingawa inamruhusu Waziri kutangaza majengo mengine kuwa kumbukumbu za kulindwa. Kwa kipimo hicho jengo la babu ni kijana. Lakini tembe linalofahamika kuliko yote nchini, la Kwihara kule Tabora, linafahamika kwa sababu Livingstone na Stanley walikaa humo mwaka 1872. Sina ubaya na Kwihara, niliwahi kupeleka wanafunzi. Nauliza tu kama mkulima aliyelisha familia kwa mvua ya msimu mmoja katika nchi kavu kama Ugogo lazima apate mgeni wa kutoka Ulaya ndipo nyumba yake ipimwe.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla shamba halijakatwa viwanja, mpima ardhi hufika na vyombo vyake. Halmashauri imwagize aoneshe kwenye ramani kila gofu analolikuta, na idara zinazofundisha akiolojia zipewe taarifa zitume wanafunzi wawili, watatu. Kazi yetu ilichukua siku mbili, na gharama yake ilikuwa nauli, chakula na karatasi. Wanafunzi wanahitaji mazoezi, na wazee wanaoweza kusema chumba hiki kilikuwa cha nani bado wapo, japo wachache.

Mpwa wangu ameshachora ramani ya jengo kwa kipimo cha moja kwa hamsini, pamoja na picha na maelezo ya shangazi. Vyote vimo kwenye faili nyumbani kwangu. Nimeuliza katika ofisi mbili, na zote zimenijibu kwa upole kwamba hazina utaratibu wa kupokea kitu kama hicho. Mvua zinaanza Desemba. Anayehusika naomba ajibu kupitia ukurasa huu: tuupeleke mchoro wetu dirisha gani?

Mwalimu mstaafu,
Dodoma