Barua kwa rafiki: chagua mwenyeji wa tangi kwanza, wageni baadaye

Kigoma

Kwa rafiki yangu mpendwa Bakari,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote hapo Mombasa. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata pamoja na orodha ya samaki unaokusudia kuwatia katika tangi lako jipya la lita 300, nami nimefurahi sana, kwa sababu sikutarajia kwamba mtu aliyelelewa kando ya bahari angevutiwa na samaki wa ziwa letu la Tanganyika. Hata hivyo umeniomba nikueleze ukweli bila kukuficha, na ukweli ni kwamba ukiifuata orodha hiyo kama ilivyo, baada ya miezi michache utabaki na samaki wachache wakubwa, na waliosalia watakuwa wameliwa, wamepigwa au wamekufa kwa kukosa pa kujificha.

Umeandika frontosa, Tropheus, brichardi, leleupi, mbuna wa manjano na Aulonocara wa buluu. Wote hao ni siklidi, jamii moja na sato na perege tunaowala, na muuzaji hakukudanganya alipokwambia kwamba wote wametoka Afrika na kwamba wote wanapenda maji magumu, yaani yenye chokaa na madini mengi. Jambo ambalo hakukwambia ni kwamba wanne wa kwanza ni wa Ziwa Tanganyika na wawili wa mwisho ni wa Ziwa Nyasa. Wengi hudhani tatizo la kuchanganya maziwa ni maji. Kwa kweli maji si kikwazo kikubwa: pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, huko Tanganyika huwa karibu na 9, ya Nyasa iko chini kidogo, na samaki wa pande zote mbili wanaweza kuzoea maji yaliyo katikati. Kikwazo ni tabia. Mbuna hukimbizana mchana kutwa na chakula hukimaliza kabla hakijafika chini, ilhali samaki wengi wa kwetu ni wa kuvizia na kuchagua, hivyo hushinda na njaa mbele ya chakula tele.

Wala usidhani kwamba kuchagua ziwa moja kunatosha. Mbuna na Aulonocara ni wa Nyasa wote wawili, lakini mbuna wengi ni wakwanguaji wa mwani juu ya mawe na ni wagomvi wa kulinda mwamba wao, wakati Aulonocara huelea taratibu juu ya mchanga akivihisi viumbe vidogo vilivyojificha humo kwa vitundu maalumu vya hisia vilivyo kichwani mwake. Ukiwaweka pamoja, huyo wa pili hupoteza rangi iliyokufanya umnunue, kwa kuwa dume anayeonewa haonyeshi rangi.

Kwa hiyo mimi nakushauri uache kabisa njia ya orodha. Chagua samaki mmoja tu unayempenda kuliko wote, umfanye mwenyeji wa tangi, kisha jiulize anaishi sehemu gani ya maji, anakula nini na anazaaje. Majibu yake ndiyo yatakayokuchagulia wageni, na kila mgeni asiyekubaliana na mwenyeji aondolewe, hata awe mzuri kiasi gani.

Tuanze na frontosa, kwa sababu nimeona umempigia mstari. Ni samaki wa fahari, mwenye nundu kichwani na mistari mipana myeusi ubavuni, na wale wa upande wetu wa Kigoma wanajulikana kwa mistari yao saba. Lakini anaweza kupita sentimita 30, na tangi lako lina urefu wa sentimita 120. Zaidi ya hayo, ziwani huwawinda alfajiri samaki wembamba wanaolala kwa makundi karibu na miamba, nao ni hao hao nitakaokupendekezea hapa chini. Akiwa mwenyeji atahitaji tangi la urefu wa mita mbili hivi, na wageni wake ni wachache mno. Kwa sasa mwache. (Tukizungumzia wakubwa, huyu kuhe tunayemla hapa ni siklidi pia, na ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani. Mtu asikushawishi kumfuga. Huyo mahali pake ni sufuriani.)

Tropheus nampenda kupita kiasi, maana ndiye samaki ninayemwona kwanza kila ninapovaa miwani ya kuzamia na kuinamisha uso kwenye mawe ya ufuko wa Jakobsen, akikwangua mwani bila kupumzika. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, kwa kuwa chakula chake ni mimea, na ukimlisha chakula chenye nyama na mafuta mengi huvimba tumbo akafa, na mmoja anapoanza kuugua mara nyingi wenzake humfuata. Vilevile ni mgomvi kwa wa jamii yake, kiasi kwamba lazima wawe kundi la 12 au zaidi ili ugomvi ugawanyike na asipatikane mnyonge mmoja anayebeba mapigo yote. Asichanganywe pia na Tropheus wa rangi nyingine: samaki hawa hawapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu, kwa hiyo karibu kila mwamba ziwani una rangi yake, na ukiwachanganya watazaa machotara ambao hakuna mfugaji makini atakayewapokea kwako. Mwenye Tropheus hujenga tangi la Tropheus, basi.

Brichardi yeye ni mlezi wa ajabu. Watoto wa uzao wa kwanza hubaki nyumbani wakisaidia kulinda wadogo zao, na ukoo hukua mbele ya macho yako. Huo ndio uzuri wake na ndiyo hatari yake, kwa sababu ukoo ukishapata nguvu hudai mawe yote, na wageni husukumwa hadi pembeni karibu na uso wa maji. Ukimtaka, mpe tangi dogo la peke yake. Ni starehe kubwa kumtazama.

Sasa nikwambie ningefanya nini mimi kama tangi ni langu. Mwenyeji wangu angekuwa Cyprichromis leptosoma, samaki mwembamba wa sentimita 10 hivi, anayeishi kwa makundi katika maji ya wazi na kula viumbe vidogo vinavyoelea. Madume wa eneo moja wanaweza kuwa na mikia ya manjano au ya buluu, kwa hiyo utapata rangi mbili bila kuingiza aina ya pili. Nunua kundi la 12, majike wakiwa wengi kuliko madume. Utawaona wakizaa katikati ya maji: jike hudondosha yai, hugeuka na kulidaka kabla halijafika chini, kisha hutamia mayai kinywani kwa muda wa wiki tatu hivi. Ni warukaji, kwa hiyo tangi lazima liwe na kifuniko kisicho na mwanya.

Ukishamweka huyo, tazama nafasi alizokuachia. Yeye hakai mchangani wala hahitaji pango, basi wageni ni wa huko. Upande mmoja panga mawe mpaka karibu na uso wa maji, uwape jozi moja ya Julidochromis transcriptus, ambao ni wadogo na hushinda katika nyufa. Nunua wachanga sita, subiri wawili waoane, wanaobaki uwagawe. Jozi ikishajipata usiguse mawe yao, kwa maana wafugaji wengi wameona ndoa hizo zikivunjika nyumba inapohamishwa, na hapo mmoja humuua mwenzake. Usiingize aina ya pili ya Julidochromis, kwa sababu huzaana. Na huyo leleupi wa manjano uliyemtaka anadai nyufa zile zile, kwa hiyo ama yeye ama Julidochromis. Mimi ningemchagua Julidochromis, lakini ukimtaka leleupi sitakukasirikia.

Upande wa pili acha mchanga laini, wenye kina cha sentimita 5 au zaidi, na juu yake tandaza makombe ya konokono kwa ajili ya Neolamprologus multifasciatus. Huyu ni miongoni mwa siklidi wadogo kabisa duniani: dume hafiki sana zaidi ya sentimita 4 au 5, na maisha yake yote yamo ndani na kando ya kombe. Ziwani hutumia makombe ya konokono aitwaye Neothauma. Hapo kwenu makombe ya nchi kavu au ya pwani yatafaa, mradi mlango uwe mpana wa kumpitisha na uyachemshe kwanza. Baina ya mawe na makombe acha uwanja mtupu wa mchanga, ndio mpaka. Wasipokuwa na mpaka unaoonekana watauweka wenyewe kwa meno.

Baada ya miezi kadhaa, vifaranga wa makombeni wakizidi, unaweza kuongeza jozi ya Altolamprologus compressiceps. Ni mwindaji mpole, bapa kama sahani iliyosimamishwa wima, ambaye hupunguza vifaranga bila kuwasumbua wakubwa. Hukua polepole sana, na ndiye mmoja wa wale niliosema wangeshinda na njaa mbele ya mbuna. Gogogo mwenye madoadoa, Synodontis multipunctatus, atakuvutia dukani, mwache. Yeye huyachomeka mayai yake kati ya mayai ya siklidi wanaotamia kinywani, na vifaranga wake huwala watoto wa mwenye nyumba humo humo kinywani.

Kuhusu chakula, mwenyeji na wageni hawa wote wanakula viduduvidudu na vikamba vidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwaweka pamoja. Hakuna atakayeugua kwa chakula cha mwenzake.

Maji ya Mombasa yanaweza kukusaidia, kwa kuwa kisima kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe huwa na maji yenye chokaa nyingi. Ila yaonje kwanza, maana kisima cha karibu na bahari huweza kuwa na chumvi, na samaki wetu hawaitaki. Maji ya mfereji yaondolee klorini. Mawe yale mnayojengea nyumba yatafaa, yakioshwa vizuri. Ninaloliogopa zaidi ni joto. Maji ya ziwa huwa kati ya nyuzi 24 na 28, na yakipanda zaidi hewa hupungua ndani yake, kwa hiyo weka pampu ya hewa na feni inayopuliza juu ya maji wakati wa kaskazi. Kumbuka pia kwamba katika maji yenye pH ya juu amonia, ile itokanayo na uchafu wa samaki, huwa sumu kali zaidi. Kichujio kipewe wiki nne hadi sita kikomae, yaani bakteria wa kuiondoa amonia hiyo wakue ndani yake, kabla hujaweka kundi, kisha waanze Cyprichromis, wafuate wa makombeni, na Julidochromis aingie mwisho, asije akajiona mwenye tangi zima.

Samaki wenyewe watafute kwa wafugaji waliozalisha hapo kwenu. Usinitume kuwabeba kutoka hapa, kwa sababu kusafirisha samaki hai nje ya nchi kunahitaji kibali, nami sina.

Nipimie pH na ugumu wa maji ya kisima chako, pamoja na joto la maji saa nane mchana, uniandikie tarakimu hizo kabla hujanunua chochote. Picha ya tangi ikiwa na mawe tu nayo itanifaa.

Nisalimie mama sana.

Wasalaam,
rafiki yako,
Hamisi