Mfuate kaka yako, Mussa

Harrisburg, Jumapili usiku

Ndugu yangu Mussa,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Mimi mzima, baridi tu ndiyo imeanza kuuma vidole. Nimekaa kimya tangu Ramadhani, najua. Ujumbe wako niliusoma mara nne nikashindwa kujibu, ule wa kwamba kaka yako Hamisi hamumtafuti tena, kaenda Durban na akae huko huko. Leo ninalo la kukwambia, ila linaanzia mbali, nivumilie.

Jana nilikwenda Gettysburg, si mbali na hapa kwa gari. Ndipo walipouana siku tatu, Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kuna kilima kinaitwa Little Round Top, mawe matupu, makubwa kama yale ya Mwanza. Nilikaa juu ya jiwe nikasoma habari za kanali mmoja wa jeshi la Kusini, mtu wa Alabama, William Oates, na kila nilichosoma kikanirudisha kwa Hamisi.

Oates ujanani alipigana na mtu, akampasua kichwa, akadhani ameua. Akatoroka, akazurura mpaka Texas, akawa mtu wa kamari. Nyumbani wakamtuma mdogo wake, John, akamtafute. Mussa, hapakuwa na simu wakati ule! John alimpata, akambembeleza, wakarudi. Huyo mcheza kamari akasomea sheria, mwaka 1858 akawa wakili. Vita vilipoanza wakaingia wote wawili.

Tarehe 2 Julai vijana wake walikuwa wametembea zaidi ya maili 20 juani. Akatoa watu 22 wakusanye vibuyu vya wenzao, wakateke maji kisimani. Kabla hawajarudi, amri ya kushambulia ikatoka. Wakapanda kilima na kiu yao. John alikuwa mgonjwa siku hiyo, kaka yake akamwambia abaki nyuma. Akakataa, watu wangesema ameogopa. Huko juu akapigwa risasi, rafiki yake akamburuta nyuma ya jiwe. Kikosi cha Maine, cha adui zao wa Kaskazini, kilipoteremka na singe, Oates akawaamuru watu wake wakimbie, na mdogo wake akabaki. Alifia mikononi mwa adui tarehe 25 mwezi ule ule.

Unielewe, Mussa. Jeshi lile la Kusini lilipigania watu weusi wabaki watumwa, na kwa bendera yake sina chozi. Tena Oates huyo huyo mwaka 1901 alikuwa mjumbe wa mkutano ulioandika katiba ya Alabama ya kuwanyang'anya weusi kura. Baadhi ya vifungu alivipinga, lakini alikuwemo. Hilo simsamehe, nami naishi katika nchi hii na ngozi hii. Ila John, yule aliyetumwa Texas kumfuata kaka mkorofi, hanitoki kichwani tangu jana.

Oates mwenyewe alipoteza mkono wa kulia 1864. Akawa mbunge huko Washington toka 1881 hadi 1894, halafu gavana wa Alabama. Cheo alikipata, na bado uzeeni alikuwa anaandika barua kuomba kikosi chake kiwekewe jiwe la kumbukumbu pale John alipoanguka. Wasimamizi wa uwanja ule wakabishana naye kuhusu mahali, watu wake walifika wapi hasa. Hata Chamberlain, aliyeongoza kikosi cha Maine siku ile, hakukubaliana naye. Oates akafa 1910, jiwe halijawekwa. Nimelishika la Maine kwa mkono wangu, graniti baridi. La kikosi cha Oates halipo.

Wewe kaka yako yu hai, Mussa. Alikosea, alimtia mama aibu, deni la Mzee Kombo alikuachia wewe, yote nayajua. Mfuate. Nauli nusu natoa mimi, na ukikwama njiani nipigie saa yoyote.

Namba yake mpya unayo? Shedrack si alimwona sokoni kule, alikwambia anakaa mtaa gani? Pasipoti yako bado haijaisha muda? Na mama, mlimuuliza kweli, au mliamua bila yeye? Nijibu wiki hii, hata mistari miwili.

Ndugu yako,
Rashidi