Noah chukua mwanangu, ila kwanza tuongee breki

Mwanangu, salama? Huku Moro tupo, joto tu. Ile voisi yako ya dakika kumi na moja, ya kutaka kubadilisha injini ya gari letu la Toyota Noah, nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika, sa hizi nimetulia ndo maana naandika badala ya kupiga, maana nikipiga unanikatisha kila neno kama marehemu baba yako.

Noah ni yako. Nilishasema na sirudi nyuma, ukitaka ipake rangi ya chungwa, ukitaka ishushe chini mpaka iguse tuta, mimi nimeshaiendesha vya kutosha, miaka tisa nabeba watoto wa shule Kihonda kwenda na kurudi, matapishi yote nimeyafuta mimi. Lakini hili la kutoa injini yake uweke ya Altezza, ile Toyota ndogo ya mbio, ngoja nikuambie nilichonacho.

Nilimpelekea fundi wangu maneno yako, yule mzee wa gereji unamjua, nikajua atasema mtoto kachanganyikiwa. Hakusema ivo. Kasema inawezekana, tena sio ujinga, maana injini ya kwetu ni aina ya 3S-FE na ile ya Altezza ni 3S-GE, ukoo mmoja, lita mbili zote, na gari zote mbili zinasukuma tairi za nyuma. Ya kwetu ilitoka kiwandani na hosipawa 130, Altezza ya gia za mkono 210. Akachukua chaki akaanza kunichorea chini kwenye simenti, hapo nikajua na yeye tayari anaitaka hiyo kazi hahaha.

Ila akaniambia na mengine ambayo kwenye voisi yako hukuyataja. Injini ya Noah iko chini ya siti za mbele, unaijua, umeshanyanyua siti ya dereva ukaungua kidole. Hakuna upepo wa maana unaofika pale. Rejeta iko mbele huko, maji yanasafiri kwenye mabomba marefu mpaka yaifikie injini, na hewa ikibaki ndani ya bomba kidogo tu gari linachemsha. Hii yetu imechemsha mara mbili na hiyo ni kwa mwendo wa mama anayebeba watoto, mara ya pili gasketi ya silinda hedi ikaondoka na ada yako ya muhula. Sasa weka pale injini inayozunguka kwa kasi kuliko hiyo, yenye kompreshen 11.5, yaani inabana mchanganyiko wa hewa na petroli mara kumi na moja na nusu, inayotaka petroli safi, afu utuambie rejeta ni ileile ya zamani. Bado gia boksi, propela shafti itabidi ikatwe ipimwe upya, waya na kontrol boksi viende pamoja na injini, na ukitaka gia sita za mkono inabidi utafute pa kuweka pedali ya klachi maana gari letu gia iko kwenye usukani. Na kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadilisha uende TRA, na bima uwaambie, usije ukagonga mtu ukaambiwa gari uliyokatia bima sio hii.

Hayo yote ni hela na muda, utayapata. Mimi hofu yangu iko kwengine.

Unakumbuka tulivyotoka Iringa harusi ya mjomba wako, ulikuwa darasa la tatu? Tuliposimama mlima Kitonga niliwaambia shukeni mkojoe. Leo nakuambia ukweli, sikusimama kwa ajili ya mkojo. Tulikuwa tunashuka, watu saba na mizigo, na mimi nimeacha gia kwenye D kwa ujinga, kila kona nakanyaga breki, nakanyaga, mara pedali ikawa laini kama nakanyaga sponji, afu ikaenda chini kabisa. Hamna kitu. Wewe uko siti ya nyuma umelala mdomo wazi. Nikavuta gia mpaka 2, injini ikalia kama inataka kutoka, nikaenda L, nikavuta handibreki pole pole huku naibana gari upande wa mlima mpaka ikasimama. Tairi za mbele zinafuka moshi. Utingo wa lori akaja mbio na jiwe akaliweka chini ya tairi hata bila kuniuliza, na akaniambia mama usimwagie maji, acha zipoe zenyewe. Baba yako hakusema neno mpaka Ruaha Mbuyuni, akashuka akanunua vitunguu gunia zima, hatukuhitaji vitunguu vyote vile.

Fundi wa pale alifungua kikopo cha mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Kumbe yale mafuta yananyonya unyevu, ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 hivi, yakishanyonya maji yanashuka mpaka kama 140, na yakichemka yanatoa mapovu, unakanyaga povu. Sisi tulikuwa hatujawahi kuyabadilisha tangu tununue gari.

Na hiyo ni injini ya hosipawa 130. Dada yako ndo kanifafanulia, si unajua akianza fizikia yake haachi, kasema ukitoka 60 ukaenda 120 kazi ya breki sio mara mbili, ni mara nne. Gari lenyewe tani moja na nusu, refu kwenda juu, nyuma lina breki za dramu, sio diski. Kwenye kona halijui kuwa wewe umeweka injini ya Altezza, linajua tu kwamba kichwa chake ni kizito.

Kwa hiyo nimekaa nikapiga hesabu. Ile laki nane ya kikoba natoa, ila naitoa kwa breki, sio kwa injini. Diski na pedi mpya mbele, nyuma mfungue dramu muone, mafuta yote yamwagwe yawekwe DOT 4, mipira ya breki ile ya tangu Japani itolewe. Itakayobaki shokapu na tairi nzuri, sio zile za mtumba zilizochongwa upya unazosema ni bei poa. Ukimaliza hapo ongea na yule mzee habari ya rejeta. Injini yako utanunua mwenyewe na mshahara wako, nami nitakuja kuisikiliza inavyolia, sitanuna.

Ile video ya Espace ya Renault, gari la familia kama Noah letu, uliyonitumia nimeiona, ile ya 1994 yenye injini ya V10 ya Formula 1. Nzuri. Lakini wale waliacha sura tu baba, chini ni gari la mashindano tupu, usinidanganye kuwa walianza na injini.

Funguo ziko kwa jirani wa mwembeni, ukija Jumamosi usimwamshe mapema. Umesema siti ya nyuma unaitoa kupunguza uzito, sawa, itoe, ila usimuuzie mtu. Niletee, naiweka barazani.

Mama yako