Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Shughuli za Mwaka 2025 na Suala la Safari ya Bwawa

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, wajumbe wa kamati, na vijana mliokaa kule nyuma: assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Namshukuru Mungu aliyetufikisha Februari tukiwa wazima.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Usafi wa ufukwe wa Shangani, hapa Mtwara, tumeufanya mara nne. Bonanza la mpira lilichezwa Juni na timu yetu ya wasichana ikafika fainali. Vijana sita walisaidiwa sare za shule. Kamati ilikaa vikao tisa kati ya kumi na mbili vilivyopangwa. Mengine yamo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni.

Muda mwingi nauomba kwa ajili ya jambo la Agosti, yaani safari ya vijana kwenda bwawa la kuogelea, ambayo niliikatisha kabla hawajaingia majini. Limesemwa misibani, sokoni na kwenye kundi letu la simu, na mimi sijapata nafasi ya kulieleza lote.

Jumamosi ile tulikuwa na vijana 34 kwenye kosta. Wazazi wanane walikuwa wameandika majina kuwa wasimamizi. Walifika watatu, nami nikawa wa nne. Tulipofika nilikwenda upande wa kina kirefu, nikainama ukingoni. Maji yalikuwa yamefifia kama yaliyooshewa mchele. Nilitoa sarafu ya shilingi mia mfukoni nikaidondosha. Ilizama kidogo tu, nikaipoteza machoni. Kama sarafu inayong'aa huioni, mtoto aliyelala chini utamwonaje? Niliwaambia vijana warudi garini. Wapo waliolia, na wapo walioshuka pale stendi bila kuniaga. Kosta ilikuwa 120,000, malipo ya awali ya bwawa 100,000, na wenye bwawa hawakurudisha hata senti. Jumla 220,000 imeondoka bila mtu kulowa.

Nimelaumiwa kwamba niliamua peke yangu bila kamati. Ni kweli niliamua peke yangu. Nilimpigia simu Katibu mara mbili hakupokea, na vijana walishaanza kuvua viatu. Mwenyekiti aliyesimama ukingoni hawezi kusubiri akidi.

Nimeambiwa pia kwamba mtoto wa pwani hafundishwi maji. Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Mikindani, baba yangu alikuwa mvuvi, na maneno hayo nimeyasikia hata kwenye mazishi ya waliokufa maji. Vijana wetu wamezoea bahari. Maji ya chumvi humnyanyua mtu kuliko maji baridi ya bwawa, kwa hiyo anayeelea vizuri Shangani hushangaa bwawani anapojiona mzito. Ufukweni sakafu huteremka taratibu. Bwawani unapiga hatua moja, kina kinatoka kifuani kinakwenda juu ya kichwa, na vigae vinateleza. Na kijana aliyezoea kujirusha kichwa mbele kutoka kwenye ngalawa akijirusha hivyo upande wa kina kifupi, anaweza kuvunja shingo.

Waliosema ningewaingiza kwa zamu, nawajibu kwamba zamu haisafishi maji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Sikutaka jina la mtoto wa mwanachama liingie humo kwa kuogopa kupoteza 220,000.

Baada ya hapo niliandika mwenyewe, usiku, utaratibu wa kurasa mbili ambao kamati iliupitisha Oktoba. Mtu mzima mmoja kwa vijana wanane, na wawili zaidi wanaokaa ukingoni bila kuingia majini wala kushika simu. Kila kijana aogelee mita kumi na aelee dakika moja kabla ya kuruhusiwa kina kirefu. Mwenye kifafa asimamiwe na mtu wake peke yake. Ngurumo ikisikika, wote watoke hadi nusu saa ipite tangu ya mwisho. Mashindano ya kuzuia pumzi chini ya maji ni marufuku, maana kijana akihema kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama anaweza kuzimia humo humo bila dalili. Wasichana wavae suruali ya kubana na fulana, kwa sababu gauni na baibui vikilowa humvuta mtu chini. Hili nalo lilileta maneno, lakini tuliweka msimamizi mwanamke na maneno yakapungua. Maboya mawili ya kutupia na kamba ya mita kumi na tano nilinunua kwa fedha yangu. Sijadai na sitadai.

Novemba tulikwenda bwawa jingine na vijana 25, maji yakiwa meupe hadi vigae vya chini vinahesabika. Waliofaulu jaribio la mita kumi walikuwa 11, na baadhi ya wanaojirusha gatini kila Jumapili walishindwa wakanuna. Kila kijana alikuwa na mwenzake, na kila dakika kumi filimbi ilipulizwa wakashikana mikono tukawahesabu.

Kabla ya filimbi ya tatu, mama mmoja mwanachama mwenzetu, aliyekuwa zamu ya ukingoni, alisimama ghafla na kunyoosha kidole. Wengi wetu tuliangalia tusione kitu. Kijana wa miaka 13 alikuwa pale sakafu inapoteremka, wima, kichwa kimelala nyuma, mdomo unagusa maji na kuachia, mikono inakandamiza maji pembeni kana kwamba anapanda ngazi. Hakupiga kelele wala hakupunga mkono. Wenzake wawili walikuwa wakicheza hatua tatu kutoka kwake wasijue. Mwokoaji alimpelekea mti mrefu, akaushika, akavutwa. Alikohoa sana. Tulimpeleka hospitali ya Ligula kwa bajaji akaangaliwe, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumzidia mtu saa kadhaa baadaye, na jioni akaruhusiwa.

Mama yule aliona kwa sababu wiki moja kabla nilimweleza kwamba anayekufa maji hapigi kelele, hana pumzi ya kupigia. Sifa ni yake. Lakini naomba pia ikumbukwe kwamba kiti kile cha ukingoni kiliwekwa na utaratibu uliopingwa.

Sasa mahudhurio na ada. Tupo wanachama 74. Mkutano wa mwaka jana tulikuja 19, akidi ni 25, tukaahirisha. Tuliambiwa ni msimu wa korosho, tukasogeza hadi minada iishe, na leo nahesabu vichwa 28 pamoja na vijana. Mafunzo ya huduma ya kwanza, ambayo muuguzi alikuja kuyatoa bure, yalipata watu sita. Sita tu ndio wanaojua kwamba aliyetolewa majini asipohema huanzwa na pumzi tano za mdomoni, kisha kifua hubonyezwa mara thelathini kwa kila pumzi mbili. Imeniuma. Ada ni 2,000 kwa mwezi, tulitarajia 1,776,000, tumepata 612,000. Baadhi ya waliosema sana kuhusu 220,000 hawajalipa tangu Machi, na majina yao ninayo ingawa siyasomi hapa.

Kwa jumla, mapato yote pamoja na michango ya vijana na wahisani ni 1,487,000, matumizi 1,402,500, salio 84,500. Mchanganuo anao Mweka Hazina.

Kwa mwaka huu tunatumaini kwenda bwawani angalau mara mbili, kumpata mwalimu wa kuogelea wa kudumu Mungu akijalia, na kufanya jambo tarehe 25 Julai, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2021 kwa ajili ya kuzuia vifo vya maji. Jambo gani, kamati itaangalia fedha.

Karatasi ya majina ya wasimamizi wa safari ijayo iko mezani kwa Katibu. Atakayeandika jina safari hii atie na saini.

Naomba kuwasilisha.