Mheshimiwa Waziri, boksi letu la barafu limelala uwanja wa ndege siku 11

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mi ni teknishani wa maabara kwenye chuo kikuu kimoja hapa Dar, jina la chuo naliacha maana mshahara wa mwezi huu bado nautaka. Barua za kawaida tumeshaandika, zina mihuri mizuri tu.

Kazi yetu iko hivi. Saratani ya mlango wa kizazi ndo inaongoza kwa wanawake wa nchi hii, na mgonjwa akifika Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, mara nyingi anapigwa mionzi na juu yake anatundikiwa dripu ya dawa ya cisplatin, vyote viwili kazi yake ni kuharibu DNA ya uvimbe mpaka seli zife, sasa shida seli nazo zina mafundi wake, zinajiziba zinajishona, kuna uvimbe unapigwa leo kesho umeshajikarabati na mama wa watu katapika wiki nzima bure. Sisi tunataka kuujua uvimbe wa namna hiyo mapema.

Tunachukua seli za uvimbe tunazipiga mionzi, afu tunaweka kingamwili yenye rangi, yaani protini inayonata pale palipoharibika, ukichungulia kwenye darubini unaona vidoti vya kijani ndani ya kiini cha seli, kila kidoti ni pale DNA ilipokatika. Kesho yake unahesabu tena. Vikibaki vingi mionzi imefanya kazi, vikiisha ujue mafundi wa humo ndani hawalali. Nimevihesabu mpaka usiku naviota.

Na sio mambo ya kufurahisha maprofesa. 2005 watafiti wa Uingereza walionyesha seli yenye BRCA mbovu (jeni ya fundi mmoja wa kushona DNA) ukiizibia na PARP, fundi mwingine, inakosa pa kutokea, inakufa, na 2014 olaparib, dawa inayoziba PARP, ikaruhusiwa Ulaya na Marekani kwa saratani ya ovari. Miaka 9 tu! Aziz Sancar aliyeshiriki Nobeli ya 2015 kwa haya haya ya DNA kujikarabati kazaliwa Savur, kamji ka Uturuki, wazazi wake hawakusoma. Ila utafiti kaufanyia Marekani, na mi nahisi najua kwa nini.

Maana boksi letu la kingamwili na vimeng'enya, protini za kufanyia vipimo zinazoharibika na joto, lilifika kwenye barafu kavu, likakaa siku 11 likisubiri kibali, ofisi hii inasema nenda ile, ile inasema mwenye muhuri yuko semina. Nimelifungua mwenyewe. Hakuna hata moshi wa barafu, boksi limelowa, vichupa vina joto la chai iliyosahaulika. Hela ya mwaka mzima.

Hatuombi jengo Mheshimiwa. Tunaomba vitendanishi vya utafiti, yaani vitu vya kupimia kama hivyo, vitolewe siku hiyo hiyo vinapotua, kibali kiombwe mzigo haujapanda ndege, na pale uwanjani kuwe na friji la kugandisha lenye jenereta.

Boksi lingine tumeagiza kwa kuchangishana. Linatua mwezi ujao, Jumamosi.