Nanga ninazochora, na boya ninaloliogopa

Houston

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Picha za watoto zimefika, mashallah wamekua. Huku sote wazima.

Umesema mzee haamini kuwa mtu analipwa mshahara kwa kuchora nanga. Mwambie hizi si za mnyororo. Ni mabomba ya chuma yanayosimama wima kutoka chini ya bahari hadi kwenye pembe za jukwaa la mafuta linaloelea. Jukwaa la Mars, hapa Ghuba ya Mexico, linashikwa na mabomba 12, kila moja lina kipenyo cha inchi 28, na maji pale yana kina cha karibu mita 900. Jukwaa linataka kuibuka, mabomba yanalivuta chini, basi linayumba kando tu. Kupanda na kushuka na mawimbi ni kidogo mno. Kimbunga Katrina mwaka 2005 kiliangusha mtambo wa kuchimbia uliokuwa juu yake, lakini mabomba yalishika.

Shughuli ni kuyasimika. Vipande huungwa kimoja kimoja chini ya kreni, kisha ncha ya chini huingizwa kwenye mdomo wa nguzo iliyogongomelewa ardhini. Juzi nilitazama video ya roboti: ncha inazungukazunguka juu ya mdomo, tope linatibuka, huoni kitu, likitulia chuma kimeshaingia. Nilipiga makofi peke yangu ofisini.

Hapo jukwaa lenyewe bado halijafika. Bomba linasimama kwa nguvu ya boya lililofungwa kichwani, na kipindi hicho nakiogopa kuliko kimbunga. Mwaka 2015, kwenye mradi wa Big Foot, mabomba 16 yalikuwa yakingoja jukwaa katika maji ya mita 1,580 hivi. 9 yakapoteza nguvu ya kuelea, yakaenda chini. Jukwaa zima halina hata mkwaruzo, likarudishwa kwenye maji matulivu, na mafuta yakaanza kutoka Novemba 2018. Mikutanoni watu wanasifu chuma cha bomba. Boya linatajwa mwisho, watu wameshafunga madaftari.

Mambo yakienda sawa, jukwaa huvutwa hadi juu ya mabomba, hujazwa maji lididimie, vichwa vikafungwa, halafu maji yakatolewa kwa pampu ili livute. Mzee aliyehangaika na farumi, ule uzito wa kutuliza jahazi, miaka yote hiyo atalielewa hili kabla yako.

Dau mmeshalitia kalafati? Na deni la Mzee Omari limefikia wapi? Niandikie.

Wako,
Salim